Daktari wa Ng'ombe na Kitabu Chake cha Poka

Nimechapa vitu vingi maishani. Nimechapa kadi za harusi za watu walioachana kabla wino haujakauka, ratiba za mazishi za watu ambao walipokuwa hai hakuna aliyewasalimia, na mitihani ya shule ambayo walimu waliikosea wenyewe kisha wakanilaumu mimi. Sikumlilia hata mmoja. Kitabu kilichonitoa machozi ni kimoja tu, nacho kilikuwa cha kufundisha watu kucheza karata.

Duka langu la uchapaji lilikuwa Nyeri mjini, mtaa wa nyuma, ambako mvua ikinyesha matope huingia bila kubisha hodi. Marehemu mume wangu aliinunua mashine kwa Mhindi aliyekuwa akifunga virago miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja na makoti yao ya kanisani, wakanishauri niuze mashine nirudi Tetu nikachume chai. Nikawauliza kama kuna mmoja wao anayeweza kusoma herufi zilizopangwa kinyumenyume. Hakuna aliyejibu, nikawafungulia mlango. Tangu hapo nikajulikana mjini kuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, nami sikukana. Mjane mwenye mashine asipokuwa na ulimi, kesho yake hana mashine.

Katikati ya duka kulikuwa na meza ya chuma ya kupangia herufi, pana na laini. Jumamosi, kazi ikishaisha, niliipangusa kwa mafuta ya taa, nikaikausha kwa gazeti kuukuu, nikaweka chai, na watu watatu wakaja kucheza poka pamoja nami. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Giakanja, mtu wa tai na maneno marefu. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa kutoka Tetu, mkulima wa chai mwenye ng'ombe wa maziwa na moyo mzuri kuliko alivyopenda ijulikane. Wa tatu, ambaye ndiye aliyetufundisha mchezo wenyewe, tulimwita Daktari.

Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa serikali aliyezunguka mashambani kwa pikipiki akipandisha ng'ombe kwa mrija, ili mkulima asihangaike kutafuta fahali. Wakulima walimwita Daktari mbele yake, na Fahali wa Serikali akishageuka. Yeye aliyajua majina yote mawili, na nadhani la pili ndilo lililomfurahisha zaidi. Alitoka magharibi, mbali, ng'ambo ya Bonde la Ufa. Poka alijifunza kabla ya uhuru, alipokuwa msaidizi wa mzungu mmoja wa mifugo upande wa Nanyuki, wakikaa kwenye mabanda ya masetla kungojea mvua iishe ili waendelee na kazi.

Hatukucheza kwa pesa. Mzee wa kanisa aliweka sharti hilo siku ya kwanza, akisema kwamba karata si dhambi mpaka shilingi iingie. Basi tulicheza kwa maharagwe. Meupe yalikuwa madogo kwa thamani, mekundu yalikuwa ya kati, na njahi, zile nyeusi zenye mstari mweupe ambazo kwetu hupikiwa mama aliyejifungua, zilikuwa za juu kabisa. Mtu akisukuma njahi katikati ya meza, chai ilipoa vikombeni. Usidhani kwa sababu ya maharagwe tulikuwa tunacheza kitoto. Nimewaona wanaume wazima wakitoka jasho kwa ajili ya mbegu ambazo nyumbani kwao zilijaa gunia.

Daktari alishinda mara nyingi, lakini hakushinda kwa karata. Alishinda kwa macho. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alicheka.

"Mama, kazi yangu ni hiyo. Ng'ombe haisemi, na mwenye ng'ombe anadanganya. Anakuambia imeanza kutafuta dume leo asubuhi, kumbe ni jana, yeye alikuwa amelewa. Sasa mimi lazima niangalie ng'ombe, halafu niangalie yeye."

Mkewe alifia Nyeri, akarudishwa kwao kuzikwa. Hawakujaliwa mtoto. Yeye akabaki kwenye nyumba ya serikali, chumba na jiko, akijipikia. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi hata akayajua mashamba yetu kuliko sisi, lakini mgeni ni kuku mweupe: popote alipopita watoto walimwita mtu wa kutoka huko chini, na wazee walimuuliza, kwa upole kabisa, atarudi kwao lini. Kwenye meza yangu hakuna aliyemuuliza swali hilo. Hapo alikuwa mtu wa kupigiwa kelele, wa kuibiwa njahi akienda msalani, wa kuambiwa na mwalimu mkuu kwamba amevaa soksi mbili zisizofanana. Siku moja, akinioshea vikombe, aliniambia neno ambalo sijalisahau.

"Mama, wiki yangu iko na siku moja tu."

Nilimjibu kwamba basi afike mapema, aache kuja wakati chai imekwisha. Ndivyo nilivyo. Nikiguswa moyo, hugomba.

Kisha akataka kuandika kitabu. Alikuja na makaratasi aliyoyaandika nyuma ya kalenda kuukuu za wizara, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika akiwa amesimama zizini. Kilikuwa kitabu cha poka, kwa Kiswahili, kwa sababu wachezaji wa miji yetu walikuwa polisi, makarani na walimu waliotoka kila pembe ya nchi. Huko Nanyuki, Karatina, Kutus, jioni za mshahara zilikuwa na meza za poka kila mahali, na Daktari alikuwa amezipitia nyingi akisimama nyuma ya viti vya watu.

"Hawa watu wanacheza kama kutupa mawe gizani," alisema. "Mimi nataka kitabu ya mtu serious. Mtu anataka kujua." Akaongeza, bila kunitazama, "Na sina mtoto, Mama. Nataka niache kitu."

Ningesema nini? Nikaanza kupanga herufi.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyofikiri. Sikuwa na alama za karata kwenye masanduku yangu. Nani huchapa alama ya kopa mjini Nyeri? Nikachukua soli ya akala, zile ndala za tairi la gari, nikachonga kwa kisu kidogo kopa, uru, shupaza na maua, kila moja ndogo kama punje ya mahindi. Maua yalinishinda. Yalitoka kama majani ya kiazi, na mpaka leo mtu akikishika kitabu hicho ataona kwamba maua ya Nyeri yana vidole vitatu vilivyovimba. Daktari aliyasifu. Nilijua anadanganya, nikamwambia.

Sura za mwanzo zilikuwa safi: lini ujitoe, lini uongeze, kwa nini mtu mwenye karata mbili za mfalme asijione tayari amefika. Nilizipanga nikijifunza mwenyewe. Nikafika kwenye sura ya nyuso. Humo aliandika jinsi ya kumtambua mtu anayejifanya ana karata kubwa ilhali mkono wake ni mtupu, na alitoa mifano. Hakutaja jina la mtu wala mji. Lakini mimi nilikuwa nikipanga herufi moja moja kwa vidole, na mtu akisoma polepole namna hiyo huona mambo.

Kulikuwa na mchezaji ambaye akiwa na mkono mtupu kila sentensi yake huanza na "kwa kweli". Nikamwona mwalimu mkuu na tai yake. Kulikuwa na mwingine, mtu wa makamo aheshimiwaye na waumini wenzake, ambaye akipata karata nzuri hukohoa mara mbili, kikohozi kikavu kisicho na mafua. Nikamwona mzee wa kanisa. Na kulikuwa na mchezaji wa tatu, ambaye huwa mkali akiwa na karata nzuri, hugombana na kila mtu, na humwaga chai. Lakini mkono wake ukiwa mtupu huwa mpole, huuliza watu habari za nyumbani, na huwaongezea sukari.

Niliweka herufi chini nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote hiyo nilidhani najificha.

Alipokuja nilimwonyesha. "Daktari, hawa si watu wa meza yetu?"

"Sijataja mtu."

"Hujataja, lakini umechora. Badilisha kidogo. Huyu wa kukohoa mpe kupiga chafya."

Akatikisa kichwa. "Nikibadilisha inakuwa uongo, Mama. Mtu atasoma uongo, ataenda apoteze. Na hao hawawezi jijua. Mtu hajui uso yake mwenyewe. Wewe ulikuwa unajua wako?"

Hapo aliniziba mdomo, kwa sababu sikuwa nikiujua. Alikuwa na haki kabisa: mtu hawezi kujiona. Alichosahau ni kwamba watu wana wake. Ni kosa ambalo mtu mwenye mke nyumbani asingelifanya.

Kitabu kilitoka, na kilipendwa. Wenye maduka ya vitabu Karatina na Nanyuki walikiweka chini ya vitabu vya nyimbo za kanisa, na waliokitaka walijua wainue nini. Sajini mmoja wa polisi alitoka Kutus siku yake ya mapumziko, akaja mpaka dukani kwangu, akataka kumwona mwandishi. Alipooneshwa mtu mwembamba mwenye buti za mpira zilizojaa matope ya zizini, alisimama akampigia saluti. Daktari hakujua aweke mikono wapi. Siku hiyo alinunua soda kwa kila mtu aliyepita mtaani, hata kwa yule kichaa aliyekuwa akilala mlangoni mwa posta. Sikuwa nimewahi kumwona akifurahi namna ile, na sikumwona tena.

Mwalimu mkuu alipeleka nakala yake nyumbani kwa majivuno, akaiweka sebuleni. Mkewe hakuwa amewahi kushika karata maishani. Akakisoma kwa kukosa kazi. Alipofika kwenye sura ya nyuso, akaisoma mara ya pili, akafunga kitabu, akangoja. Jumapili jioni mumewe alirudi akamwambia, "Kwa kweli, mkutano ulichelewa." Mke akamuuliza mkutano ulikuwa wapi. "Kwa kweli, ulikuwa Othaya." Haya nilisimuliwa na mke mwenyewe, dukani kwangu, akilia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa ameolewa na mtu huyo miaka mingi, akimwamini, na sasa alikuwa anarudi nyuma akizikumbuka "kwa kweli" zote, moja baada ya nyingine. Alirudi kwao kwa muda. Watoto wakagawanyika.

Kwa mzee wa kanisa ilikuwa mbaya zaidi. Jumapili moja alisimama mbele ya waumini kutangaza mchango wa kuezeka kanisa, akakohoa mara mbili. Vijana wa nyuma, waliokuwa wamekisoma kitabu, wakaangua kicheko. Kicheko kikasambaa viti hadi viti, na hata waliokuwa hawajui sababu wakacheka. Mchungaji akauliza, akaambiwa, na kabla ya wiki kwisha ilijulikana kwamba mzee wetu hucheza karata kila Jumamosi mjini. Maharagwe hayakumwokoa. Alivuliwa uzee wa kanisa na akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe ya kulijenga kanisa lile.

Ungedhani wangeacha kuja. Walikuja, na hilo ndilo lililoniuma. Mwalimu mkuu alikaa amevaa miwani myeusi, ndani ya duka lenye dirisha moja. Mzee aliweka peremende mdomoni asije akakohoa. Hakuna aliyesimulia kitu wala kuuliza kitu. Walisukuma maharagwe yao polepole, nyuso zimekaa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Na walicheza vizuri! Walijitoa inapobidi, waliongeza inapobidi, walifuata kila neno la kitabu. Daktari alikuwa ametaka wachezaji wa kweli, sasa alikuwa nao. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta, na hakukuwa na mtu wa kumwona. Niligomba, nikamwaga chai makusudi, nikamwita mwalimu mkuu kipofu wa Yeriko. Hakuna aliyecheka. Nilikasirika mpaka kichwa kikaniuma.

Mzee akaacha kuja. Mwalimu naye akaacha. Poka haichezeki vizuri kwa watu wawili, lakini Daktari aliendelea kufika kila Jumamosi, mapema, kabla sijapangusa meza. Alichanganya karata, akazigawa kwa watu wanne, kisha akazikusanya. Tulizungumza habari za ng'ombe.

Nilipanda Tetu kumwona mzee. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, panga likipiga kwa nguvu kuliko majani yalivyohitaji.

"Mzee, rudi," nikamwambia. "Yule mtu hana mwingine."

"Mama, wewe unajua vile nimekaa na yeye. Ng'ombe zangu zote ni yeye alizipandisha. Amekula kwangu Krismasi. Mimi nilikuwa nafikiria ni rafiki tunakaa." Akaacha kukata. "Kumbe miaka hiyo yote alikuwa ananiangalia tu, ati vile anaangalia ng'ombe."

Nilishuka mlima nikiwa na hasira kwa wote wawili, na sikujua ni nani nimuonee huruma zaidi. Jumamosi iliyofuata Daktari aliuliza mzee alisema nini. Nilitaka kumficha, lakini kumficha yule mtu jambo ilikuwa kazi bure. Nikamwambia neno kwa neno. Alizipanga karata zote kwa rangi.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilikuwa namwangalia hivyo. Lakini yeye hajui vile mimi hupenda ng'ombe."

Ulipita karibu mwaka hivi. Alianza kukonda. Mkanda wa suruali aliufunga kwenye tundu la ndani zaidi, na akasema ni kupika kwake kubaya. Macho yakawa ya manjano. Pikipiki ikapewa kijana mwingine. Siku moja alishindwa kuinuka kwenye kiti changu, nikafunga duka, nikamchukua mpaka hospitali kubwa ya mjini, nikapiga makelele pale mapokezi mpaka wakampa kitanda. Daktari wa watu, mtu kijana mwenye uso wa uchovu, aliniita kando kwa sababu hakukuwa na ndugu wa kuitwa. Alisema ni ini. Alisema hakuna la kufanya.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kwanza, halafu Tetu. Sikuomba wala sikugomba. Nilisema ini, nikasema hakuna la kufanya. Mzee alitupa jembe palepale na hakubadilisha viatu. Yaliyopita hakuna aliyeyataja.

Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi tukapanga. Kwetu mgonjwa haambiwi. Unamwambia utapona, unamwambia wiki kesho utakuwa nyumbani, na yeye anakubali, na kila mtu anabeba mzigo wake kimya. Ni adabu, na ni upendo pia, sikatai.

"Tumwambie anatoka Ijumaa," mzee akasema.

"Kwa kweli, hilo ni jema," mwalimu akasema, kisha akajisikia, akafumba macho. "Nisiseme neno hilo humo ndani. Nikumbusheni."

Basi tukajiandaa. Mzee akameza mate mara kadhaa kulainisha koo. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaitia mfukoni, akaulegeza uso wake wote kama kitabu kilivyofundisha. Nami nikafuta macho kwa ncha ya leso. Tukaingia.

Alikuwa mdogo sana kitandani. Alipotuona watu watatu pamoja, mikono yake ilianza kupapasa shuka, kama anatutafutia pa kukaa. Mzee akamshika mkono, akamwambia madaktari wamefurahi, anatoka Ijumaa. Mwalimu akamwambia mashamba yote yanamngoja, yule kijana wa pikipiki hajui kitu. Nikamnyooshea mto. Nikamuuliza kama amekula, nikamwambia nitamletea uji wa wimbi, nikamuuliza kama ataka sukari nyingi au kidogo.

Akatutazama. Alianza kwa mwalimu, akaenda kwa mzee, akafika kwangu, akarudi kwa mwalimu. Niliujua mtazamo ule. Hatukuwa tumeuona tangu siku za mwanzo, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea.

"Mmecheza vizuri," alisema.

"Tumecheza nini?" nikamuuliza, kwa upole.

"Mwalimu hajasema 'kwa kweli' hata moja. Mzee ananiambia habari njema na hajakohoa. Na wewe, Mama..." Alipumzika kidogo. "Wewe umeingia hapa umeninyooshea mto. Hujaniuliza kwa nini nimelala mchana kama mtu mvivu. Unaniuliza sukari."

Nilifungua mdomo nimgombeze. Haikutoka.

"Kwa hivyo mkono ni mtupu," alisema. "Ni sawa. Ni mpaka lini?"

Mzee wa kanisa, mtu ambaye sikuwa nimemwona akilia hata walipomvua uzee wake, aliinamisha uso kwenye shuka la hospitali akalia kwa sauti, mpaka muuguzi akaja. Mwalimu alisema "Kwa kweli," akasema tena "Kwa kweli," na hakuweza kupita hapo. Mimi nilisimama nimeshika kikombe kitupu. Uso wangu ulifanya ulichotaka, sijui ulifanya nini, yeye ndiye aliyeuona.

Akatabasamu na meno yake ya manjano. "Sasa nawaona," alisema.

Kama tungefaulu kumficha, angekufa Nyeri akingojea Ijumaa. Kwa kuwa alijua, aliomba jambo moja: apelekwe kwao mapema, wakati bado anaweza kukaa. Mamake alikuwa hai. Mwalimu mkuu alikuwa na gari, Peugeot iliyokuwa ikinywa maji kama punda, na tulisafiri nayo siku nzima kuelekea magharibi, mzee wa kanisa amekaa nyuma amemkumbatia asitikisike. Waligombana njia nzima. Mzee alimwambia kwamba kitabu chake kilimharibia jina mpaka mbinguni. Daktari akamwambia kwamba angejifunza kukohoa mara tatu. Wakacheka mpaka mgonjwa akaumia ubavu, nikawatukana wote kutoka kiti cha mbele.

Alikufa kabla mahindi ya kwao hayajakomaa. Habari zilitufikia kwa mdomo wa dereva wa lori la sukari, na kaburi lake sijaliona mpaka leo, na nimekuwa mzee sasa, sitaliona.

Ninachokumbuka ni jinsi tulivyofika. Mamake alikuwa ajuza aliyepofuka macho. Alitoka kwenye nyumba akishika ukuta, akaja mpaka kwenye mlango wa gari, akamshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, akampapasa paji, mashavu, kidevu, bila haraka. Wakasemezana kwa lugha yao. Kisha akageuza kichwa upande tuliosimama, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Huko alikuwa nakaa na nani?"

Mzee wa kanisa ndiye aliyejibu.

"Na sisi, Mama. Kila Jumamosi. Hatukukosa hata moja."

Daktari alikuwa akimtazama mzee usoni aliposema hivyo. Akainamisha kichwa kwenye bega la mamake, akauacha uongo ule upite.